Ugomvi wa Mtaani: Jinsi ya Kuukwepa, na la Kufanya Ukikufika

Mwaka 2009 nilipigwa kichwa kimoja tu, stendi ya Ubungo, nikakaa chini kama mtu aliyekaribishwa kiti. Wakati huo nilikuwa na miaka minne ya mazoezi ya ngumi kwenye kambi moja ya Manzese. Mpiga debe alivuta begi langu, nikamwambia aachie, akanisogelea, na mimi kwa kujiona bondia nikamsogelea vilevile. Tukawa pua kwa pua, mikono yangu iko chini, naongea. Sentensi sikuimaliza. Kovu lipo hadi leo juu ya nyusi ya kushoto, na vijana ninaowafundisha sasa wanaliita "cheti cha mwalimu".

Ulingoni kuna refa, kuna kengele, kichwa ni marufuku, na mpinzani ni mmoja mwenye uzito kama wako. Mtaani ugomvi unaanza wakati wewe bado unajieleza. Chini ni zege au kokoto. Mwenzako ana wenzake. Na wanaotazama wanaweza kugeuka wakawa hatari kuliko huyo unayegombana naye. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yale ya kabla ya ngumi ya kwanza na yale ya baada ya ngumi ya mwisho. Za katikati ni sekunde chache.

Hatua ya 1: Tambua anachotaka

Kuna ugomvi wa heshima na ugomvi wa mali, na dawa zake hazifanani.

Wa heshima ni ule wa kukanyagana kwenye daladala, kuchomekeana barabarani, kudaiana chenji ya shilingi 200 na konda, au utani wa Simba na Yanga uliopitiliza. Huyu mtu hahitaji chochote mfukoni mwako. Ana watu wanaomwangalia na hataki kuonekana amedharauliwa. Mara nyingi hata yeye anaogopa, utamsikia anapiga kelele, "Niacheni! Niacheni nimfunze adabu!" na hakuna aliyemshika. Usicheke. Ukicheka umemfungia mlango aliokuwa anautafuta atokee.

Wa mali ni kibaka. Huyo hapigi kelele, hatukani sana, anataka simu na anaitaka upesi. Maneno ya busara hayamsaidii yeye wala wewe. Mpe. Simu unaijua bei yake. Utumbo hauuzwi Kariakoo.

Upo na wa tatu, wa mtu aliyekukusudia: ameshakutishia, anajua unapolala. Huo usiusubiri njiani. Karipoti polisi mapema, mweleze na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ili siku likitokea la kutokea liwe lilishaandikwa.

Hatua ya 2: Punguza nafasi ya kukutwa

Haya mengi unayajua, nayapita haraka. Simu usiichezee ukiwa umekaa dirishani kwenye daladala iliyo kwenye foleni. Barabarani tembea ukitazamana na magari, na begi liwe upande wa ndani, mbali na lami, kwa sababu wanyakuzi wa pikipiki hutokea nyuma. Usiku shuka kituo chenye taa hata kama kinakuongezea mwendo. Boda panda ya kijiwe unachokijua.

Baa ina dalili zake. Muziki haujapungua lakini meza moja imenyamaza na watu wake wote wanatazama upande mmoja: hapo lipa, ondoka. Bia iliyobaki iache.

Hatua ya 3: Sema "yaishe"

Kiswahili kimetupa neno ambalo sijui kama kuna lugha yenye mfano wake. "Yaishe" haimaanishi nimekosa, wala haimaanishi umeshinda. Ni mlango ambao wote wawili mnaweza kupita bila mmoja kuinama. Litumie mapema, kabla sauti hazijapanda, na litumie hata kama haki ni yako.

Sauti iwe ya chini kuliko yake. Mwite kwa heshima: "kaka", "braza", "mzee" kama umri unaruhusu. Lakini jihadhari na "mdogo wangu" na "dogo". Siku ya amani ni maneno ya upendo. Kwenye ugomvi ni matusi. Vivyo hivyo "wewe" peke yake, ikivutwa, ni nusu ya kofi.

Mfano wa mazungumzo yaliyowahi kuniokoa, mbele ya duka la vocha:

"Umenikanyaga makusudi!"
"Samahani kaka, sikukuona. Umeumia?"
"Unajifanya hukuniona?"
"Kweli sikukuona, braza. Yaishe."

Hilo swali la "umeumia?" lina kazi. Linamlazimisha afikirie mguu wake badala ya uso wako. Na baada ya "yaishe" usiongeze neno, ondoka. Wengi huharibu hapa: wanaomba radhi, halafu wakishapiga hatua tatu wanageuka na kusema, "Ila na wewe punguza ubabe." Ugomvi unazaliwa upya, safari hii na jina lako.

Usiseme "unanijua mimi ni nani?" Usimnyooshee kidole. Usimguse, hata kwa nia ya kumtuliza, maana mkono begani kwa mtu mwenye jazba anausoma kama shambulio.

Kwa dada anayefuatwa au kushikwashikwa, upole huu haufai. Anayekufuata hagombanii heshima, anapima kama utanyamaza. Ongea kwa sauti kubwa, sema kinachotokea, na mteue mtu mmoja kwa alama yake: "Mama wa mihogo, naomba unisaidie, huyu ananifuata toka kituoni!" "Baba mwenye kanzu, nisubiri!" Ukiita "jamani nisaidieni" kila mmoja atamwachia mwenzake. Ukimtaja mama wa mihogo, amekwisha kuhusika, na mama wa mihogo ana kisu na mafuta ya moto.

Hatua ya 4: Umbali na mikono

Wakati unaongea, mwili wako uwe unafanya kazi nyingine. Kaa mbali naye mikono miwili iliyonyooshwa. Akisogea, wewe rudi pembeni kwa mshazari. Ukirudi nyuma moja kwa moja utajikwaa kwenye ukingo wa mtaro. Mguu mmoja utangulie kidogo. Mikono iinue usawa wa kifua, viganja wazi vikimtazama, kama mtu anayesema "taratibu kaka". Watazamaji wanaona unaomba amani. Kumbe mikono hiyo imeshafika robo tatu ya njia ya kukulinda uso, na kichwa chake kikija kitakutana na viganja kwanza. Laiti ningelijua hili Ubungo.

Dalili kwamba maneno yamekwisha: aliyekuwa anafoka ananyamaza ghafla, anatazama kushoto na kulia kuona nani yupo, anavua saa au shati, bega moja linarudi nyuma, mkono mmoja huuoni. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Mkono usiouona uhesabu kuwa una kitu.

Ukiona dalili mbili, usisubiri ya tatu. Kimbia. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na nimekwenda misiba ya kutosha ya mashujaa wa vijiweni. Ila kimbilia mahali na si kukimbia tu: duka lililo wazi, kituo cha mafuta, geti lenye mlinzi, kituo cha polisi. Sababu nyingine ya kuchagua pa kukimbilia nitaieleza kwenye hatua ya 8, na ni ya kufa na kupona.

Hatua ya 5: Akirusha

Linda kichwa kwanza. Viganja nyuma ya kichwa au juu ya paji, viwiko vikitazama mbele, kidevu kifuani. Ngumi ikigonga kiwiko, inaumia ngumi. Hofu itakufanya uone kama kwenye bomba, mikono itatetemeka, na mbinu nyingi za kwenye video zitakutoka kichwani. Ndiyo maana nafundisha vitu vitatu tu: kiganja, goti, teke la chini.

Kiganja, ile sehemu ngumu karibu na kifundo cha mkono, kipeleke kwenye pua au kidevu. Kwa nini si ngumi? Agosti 1988, Mike Tyson, bingwa wa dunia wa uzito wa juu wakati huo, alizichapa alfajiri na bondia Mitch Green huko Harlem, New York. Alimwumiza mwenzake, lakini alivunjika mfupa wa mkono wa kulia na pambano lake na Frank Bruno likaahirishwa. Kama mkono ule ulivunjika bila glovu, wako wa kushika kalamu utafanyaje? Isitoshe ngumi ikigonga meno, jeraha dogo kwenye kifundo cha kidole huoza vibaya kuliko linavyoonekana.

Goti ni la karibu, teke ni la ugoko au gotini, kamwe si juu ya kiuno. Lengo ni apate sekunde mbili za kushughulika na maumivu, wewe uwe umeshachomoka. Ukibaki kuangalia kama ameumia vya kutosha, umeanza pambano jipya.

Akikukamata mkono, mpenyo uko kati ya kidole gumba na vile vinne. Zungusha mkono wako uelekee mpenyo huo na uvute kwa nguvu ya mwili mzima. Akikukunja shati, mwache na shati lake. Mikono yake miwili ina kazi, yako iko huru.

Akikupiga mtama ukaanguka, kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini. Watu wengi wanaokufa kwa "ngumi moja" wameuawa na zege. Ukiwa chini geukia upande wake, miguu imwelekee yeye, teke kwenye ugoko kila akisogea. Kunyanyuka: mkono mmoja chini nyuma yako, mwingine umelinda uso, mguu mmoja upite nyuma chini ya makalio, simama ukirudi nyuma. Fanyia mazoezi nyumbani juu ya mkeka mara kumi. Mara ya kwanza utacheka, ya kumi itakuwa yako.

Hatua ya 6: Kabali

Hii naipa nafasi yake kwa sababu ndiyo inayowakuta watu wengi wanaotoka kazini usiku. Wakenya wanaiita ngeta. Mmoja anakuja nyuma anakuzungushia mkono shingoni, wa pili anasafisha mifuko. Mishipa ya damu ya shingoni ikibanwa sawasawa, mtu hupoteza fahamu kwa sekunde kumi hivi, kwa hiyo hakuna muda wa kufikiri.

Kidevu kishushe na ukigeuzie kwenye mkunjo wa kiwiko chake, pale ndipo penye nafasi ya pumzi. Wakati huohuo mikono yote miwili inase kwenye mkono wake karibu na kifundo, uning'inie, si kuvuta kwa vidole tu. Chuchumaa kidogo kama unayekalia kigoda, ili uzito wako uwe mzigo wake. Ukipata hewa, piga hatua pembeni, kanyaga mguu wake kwa kisigino, na mkono mmoja urudi nyuma kwa nguvu kwenye sehemu za siri.

Na hapa niseme ukweli ambao baadhi ya wanafunzi hawaupendi. Kama wako wawili au watatu, kazi yako ni kulinda pumzi tu. Mifuko ikishakuwa mitupu kabali inaachiwa. Niliwahi kumwona fundi seremala, mkono kama gogo, aliyepigania pochi yenye elfu nane akatoka na taya iliyovunjika.

Hatua ya 7: Kisu, chupa, panga, bisibisi

Mwaka 1983 polisi wa Salt Lake City, Marekani, aitwaye Dennis Tueller aliandika matokeo ya kupima mtu mwenye kisu anavyoweza kusogea: futi 21, kama mita sita na nusu, anazimaliza kwa sekunde moja na nusu. Hapo alikuwa anawaonya polisi wenye bastola. Wewe una viganja.

Mbinu za kumnyang'anya mtu kisu zipo, nazifahamu, na sizifundishi kwa anayekuja mara mbili kwa wiki. Tupa kitu anachotaka upande mmoja, mbali na miguu yake, wewe kimbilia upande mwingine. Weka kitu katikati yenu: gari, meza ya mamantilie, kiti, hata begi ukilishika mbele. Ukikosa pa kwenda, linda shingo na tumbo kwa mikono, upande wa nje wa mkono ndio umwelekee yeye, kwa maana mishipa mikubwa iko upande wa ndani. Wewe mwenyewe usitembee na kisu "cha kujilinda". Kinageuza ugomvi wa kofi kuwa kesi ya mauaji, na mara nyingine marehemu ni mwenye kisu.

Hatua ya 8: Neno "mwizi"

Kwenye miji yetu hili neno lina uzito wa panga. Mkigombana na mtu, akashindwa, akapaza sauti "Mwizi! Mwizi huyo!", wewe uliyekuwa na haki dakika moja iliyopita unaweza kuzungukwa na watu thelathini ambao hawataki maelezo. Watu wamechomwa moto kwa neno hilo na baadaye ikajulikana walikuwa wanadai hela yao.

Ukiitiwa mwizi, kukimbia ovyo kunakuhukumu. Inua mikono, na wewe paza sauti kuliko wote: "Nipelekeni polisi! Pigeni simu 112! Twendeni kituoni wote!" Mwizi haombi kupelekwa kituoni, na hata umati wenye hasira huwa na mtu mmoja wa makamo anayelisikia hilo. Mtafute kwa macho, ongea naye yeye: "Baba, nakuomba, nipeleke kituoni wewe mwenyewe." Sogea taratibu kwenye mahali penye mlango: duka la dawa, msikiti, kanisa, benki yenye askari. Wakishaanza kupiga, mgongo ukutani, mikono imefunika kisogo na shingo, na usianguke. Ukianguka, ingia chini ya gari.

Ndiyo maana nilisema ukikimbia ugomvi kimbilia mahali, na ukimbie ukitaja unachokimbia: "Anataka kunipiga! Ana chupa!" Anayekimbia kimya mtaani kwetu ameshakiri.

Na wewe usimpige mtu kwa neno hilo. Hata kibaka wa kweli aliyekuchukulia simu, piga kelele "simu yangu!" na uwaite polisi jamii. Nimeshaona kilichobaki baada ya tairi na petroli. Sikuweza kula siku mbili.

Kuhusu kuamulia ugomvi wa wengine: usiingie katikati. Mwamuzi ndiye hupata ngumi ya wote wawili. Mvute kwa nyuma yule unayemfahamu, mtoe eneo hilo ukimwongelesha.

Hatua ya 9: Ukishatoka

Simama penye watu na ujipapase mwili mzima, ndani ya nguo, halafu utazame viganja kama vina damu. Mtu aliyechomwa bisibisi mara nyingi hudhani amepigwa ngumi mpaka aone shati. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Kitu kilichobaki mwilini usikichomoe.

Kama umegonga kichwa, usilale peke yako usiku huo. Mtu akuamshe kila baada ya saa chache. Kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuongea ovyo au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine ni safari ya hospitali hapohapo, hata kama saa nzima ulikuwa unapiga stori vizuri tu. Maumivu tuliza kwa parasetamo. Aspirini na diklofenaki ziache. Jeraha la meno au la kitu chenye kutu lichomewe sindano ya pepopunda, na kama damu ya mtu imeingia kwenye kidonda chako, uliza dawa za kujikinga na VVU. Zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi.

Tanzania utahitaji fomu ya PF3 kutoka polisi ili matibabu ya kipigo yaingie kwenye kumbukumbu. Kenya ni fomu ya P3. PF3 hutolewa bure. Ila ukiwa unavuja damu nyingi nenda hospitali moja kwa moja, ndugu aifuate fomu kituoni. Chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye daftari la polisi. Andika siku hiyohiyo kilichotokea, saa, mahali na walioona, maana baada ya siku tatu kila shahidi ana hadithi yake. Nguo zenye damu usifue.

Sheria iko upande wako kwa kipimo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inakupa haki ya kujilinda na kumlinda mwingine kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika. Ukipitiliza unashtakiwa kwa ulichozidisha, na mtu akifa kwa nguvu hiyo ya ziada, kosa ni kuua bila kukusudia. Kwa lugha ya kambini: akishaanguka, teke unaloongeza ni kesi yako.

Ugomvi mwingi wa heshima huishia kwa kuyamaliza mtaani, na sioni ubaya kama hakuna aliyeumia sana. Mkikubaliana, iwe mbele ya mwenyekiti au mjumbe, kwa maandishi, na kiasi cha gharama za matibabu kitajwe kwa tarakimu na tarehe ya kulipa. Nakala moja ikae kwako. Na RB usiitupe mpaka shilingi ya mwisho iwe imeingia mkononi.